Ufa, Tangu Mwanzo

"Ni ufa."

"Ni nyufa, Mjomba."

"Nimesema ufa. Huko ulikosomea hawakukufundisha umoja na wingi?"

"Walinifundisha. Ndiyo maana nasema nyufa."

"Basi huo wingi wako uutoe kwenye ramani yangu. Leo leo."

Wafanyakazi wa ofisi ya maji walikuwa wameinamisha vichwa kama watu waliodondosha sindano. Aliyekuwa anasema ufa ni mkuu wa kitengo cha visima, mzee mkavu, kiatu kinang'aa hata kukiwa na tope, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Rula kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuchora mstari kwa mkono mtupu. Aliyekuwa anasema nyufa ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa damu, karudi juzi juzi na shahada ya miamba, na wachimbaji wakambandika jina la Msomi. Usidhani walikuwa wanamsifu. Kule karakana, ukipigilia msumari ukapinda, wanakwambia umepiga kisomi.

Ramani yenyewe ilikuwa imelala chini ya kioo kwenye meza kubwa. Katikati yake ulipita mstari mwekundu, kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Huo mstari aliuchora Rula enzi ana nywele. Wenzake waliacha watoto, nyumba, hata madeni. Yeye akaacha mstari. Kila mgeni akija ofisini lazima apitishwe pale mezani, aonyeshwe ufa mkubwa uliopasua bonde zima, aambiwe nani aliugundua, atikise kichwa, ndipo apewe kiti.

Sasa asubuhi ile Msomi alikuwa amenyanyua kioo, akaupaka mstari dawa nyeupe ya kufutia pale katikati, akachora miwili badala ya mmoja. Mmoja ulitoka magharibi, mwingine ulitoka mashariki, na pale kati ilipishana kama watu wawili waliokosana wanaokutana kwenye korido. Haikugusana.

Ili uelewe kwa nini watu wazima waligombana kwa ajili ya hilo, lazima ujue ardhi ya mji ule. Inavutwa. Upande wa mawio unavutwa huku, wa machweo kule, polepole kuliko kucha inavyoota, ila kwa miaka ambayo hakuna wa kuihesabu. Kitu kigumu ukikivuta kinapasuka. Kikipasuka, upande mmoja unateleza chini, mwingine unabaki juu unautazama. Shimo likipatikana, mvua inaleta mchanga, tope na changarawe kulijaza. Kabla halijajaa, ufa unateleza tena, vinaletwa vingine. Hivyo hivyo hadi bonde linakuwa na tabaka juu ya tabaka kama magodoro dukani, na maji ya kunywa yamejificha humo ndani, mahali fulani.

Mpaka hapo mjomba na mpwa walikuwa kitu kimoja. Walikoachana ni kwenye swali la wapi. Rula alisema ufa ni mmoja tangu mwanzo, na ufa ukiwa mmoja, pale katikati ndipo ulipozama zaidi, kwa hiyo ndipo palipojaa zaidi. Tuchimbe katikati, nyuma ya kiwanda cha matofali. Msomi akasema zilianza nyufa mbili, kila moja na tumbo lake, na hapo zinapopishana ardhi haikuzama, ilibaki kama daraja limeinama. Ukichimba kwenye daraja unakutana na mwamba mgumu na aibu. Tuchimbe kwenye tumbo la ule wa mashariki, pembeni ya uwanja wa mpira.

Na mtambo wa kuchimbia ulikuwa wa kuazima. Ulikuja kwa shimo moja, ukimaliza uende wilaya nyingine inayougombania. Mji ule mabomba yalikuwa yamekauka, watu walikuwa wanaishi kwa boza, gari la maji ambalo dereva wake alileta maji siku aliyojisikia. Shimo likikosea, mji unabaki na dereva.

Nyumbani Msomi alijaribu kumweleza mama yake. Alichukua mfuko wa nailoni jikoni, akaushika pande mbili, akauvuta. Ukachanika sehemu mbili. Akaendelea kuvuta taratibu. Ile michaniko ikarefuka, kila mmoja ukimfuata mwenzie, halafu badala ya kukutana ikapitana, ikabaki ukanda mwembamba katikati.

"Umeona? Huu ukanda ndio daraja. Mjomba anataka kuchimba hapa."

Mama alikuwa anamenya viazi. Akamuuliza kama amemharibia mfuko wake mzima ili tu amwambie kaka yake ni mjinga. Msomi akasema hajatamka mjinga. Mama akasema ametamka kwa uso. Kisha akamkumbusha kwamba mwenye kumpeleka shule akiwa mdogo, akimshika mkono mpaka mlangoni, ni huyo huyo Rula, na kwamba ndani ya nyumba hiyo ataitwa Mjomba, hayo majina ya karakana ayaache karakana.

Msomi akaitikia ndiyo mama. Moyoni alikuwa anacheka. Alimdharau mjomba wake kwa kiwango ambacho kilimpa usingizi mzuri. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa meno yaliyobana, akijisemea marahaba utaitikia leo, kesho ramani hiyo tunaifunikia maandazi. Aliangalia kiatu kile kinachong'aa akaona upumbavu. Aliangalia kalamu nne mfukoni akaona upumbavu. Hata mzee akikohoa, yeye alisikia kosa.

Mambo yakafika kwa mkurugenzi. Huyo naye usiniulize. Mtu hajui ufa wa ardhi wala wa ukuta, ila anajua kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Rula alimpelekea ramani yake ya karatasi. Msomi alimpelekea kompyuta yenye picha za mwangwi: miezi michache nyuma gari lilipita mitaani likigonga ardhi kwa chuma kizito, na vidude vya kusikilizia vikanasa sauti inayorudi kutoka chini, kompyuta ikaigeuza kuwa picha za rangi. Bluu, njano, nyekundu. Mkurugenzi akaangalia karatasi, akaangalia rangi, akazunguka kidogo na kiti. Akasema dunia inabadilika, twende na kijana.

Rula hakubisha. Alikunja ramani yake akatoka, na mlangoni akamwambia mpwa wake neno moja tu, kwa upole kabisa: haya. Msomi akalichukulia kuwa ni kushindwa. Jioni alimsimulia mama yake, akaiga na sauti.

Mtambo ukasimamishwa pembeni ya uwanja wa mpira. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Mtambo, mpole wa maneno, mzito wa mkono, ambaye hakuwa na timu kwenye ugomvi ule. Kazi yake ni kutoboa alipoambiwa. Siku ya kwanza watoto walijaa, vijana wakaacha mpira, kina mama wakaja na madumu matupu kabisa, kana kwamba maji yatatoka kabla ya chakula cha mchana. Msomi akapita katikati yao kama bwana harusi.

Likatoka tope.

Si neno, akasema, juu lazima kuwe na tope. Kesho yake likatoka tope. Keshokutwa tope. Kijivu kimechanganyika na kijani, laini kama mafuta ya kujipaka, halina chembe ya mchanga. Bomba liliteremka, likaongezwa lingine, na lingine, na shimo likawa linameza chuma na kutema kamasi. Wale watoto wakarudi kwenye mpira. Kina mama walibaki kidogo, kisha nao wakaanza kuondoka, dumu likigonga goti.

Mama Mtambo akachota kidogo kwa kidole, akalisugua, akamwonyesha.

"Msomi, hili ukifinyanga vyungu unatajirika. Maji sina."

Wachimbaji wakacheka. Mmoja akauliza kama hapo wapo kwenye ufa au kwenye wingi. Mwingine akasema wapo kwenye shahada. Msomi alisimama pale, tope kwenye kiganja, masikio yamepata moto.

Alirudi ofisini akajifungia na picha zake. Tumbo lilikuwepo. Kina chake kilikuwa kile kile alichokisema, hata zaidi. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulikuwa umejaa tope mpaka juu. Sasa ndipo akajiuliza swali ambalo alitakiwa aanze nalo: limejazwa na nini? Zamani hapo kwenye tumbo palikuwa ziwa, kina kirefu, mbali na ufuko. Mto ukiingia ziwani unatua mizigo mizito mlangoni, changarawe kwanza, mchanga baadaye, na kinachofika kule katikati ya maji ni tope peke yake. Na mlango wa mto ulikuwa wapi? Ukingo mzima ulikuwa ukuta mrefu, mto haupandi ukuta. Ulipata pa kuteremkia sehemu moja tu, kwenye lile daraja lililoinama kati ya nyufa mbili. Changarawe yote iliangukia pale.

Akapandisha macho kwenye tabaka za juu za picha, ambazo hakuwahi kuziangalia sawasawa. Zile za chini, za zamani, pale katikati zilikuwa nyembamba, kama alivyosema. Za juu zilikuwa nene. Nene kuliko kokote. Maana yake daraja lilikatika. Ardhi iliendelea kuvutwa, ukanda ukashindwa, ukapasuka kwa kukingama, nyufa mbili zikawa ufa mmoja wenye kiwiko. Baada ya hapo pale katikati pakaanza kuzama kwa nguvu, na vijiufa vingine vidogo vya jirani vikalala, kwa sababu mkubwa alishachukua kazi yote. Changarawe ikamwagika humo, tabaka kwa tabaka. Maji yalikuwa pale pale. Nyuma ya kiwanda cha matofali. Alipopaweka mzee na rula yake.

Kwa nini hakuziona hizo tabaka za juu? Tuseme ukweli: aliangalia za chini peke yake kwa sababu ndizo zilizomwonyesha mjomba mjinga. Alipomwona mjomba mjinga, alishiba, akafunga kompyuta.

Jioni hiyo mama alirudi na ndoo tupu. Boza halikuja. Aliiweka ndoo katikati ya sebule, pale ambapo lazima uiruke ukitaka kupita, akakaa. Alisema kule kwenye foleni wamempa jina, Mama Nyufa, na kuna mwanamke kamuuliza kama wingi unachemka. Msomi akaanza kueleza, ziwa, mto, daraja, akashika na mfuko mwingine wa nailoni. Mama akamnyang'anya.

"Mwanangu, mimi sinywi umoja, sinywi wingi. Nenda kwa mjomba wako."

"Mama, yeye mwenyewe alikosea. Kapata mahali kwa kubahatisha."

"Sawa. Nenda kwa aliyebahatisha."

Mkurugenzi kwa wakati huo alikuwa amegundua ana safari. Aliacha maneno kwamba mambo ya kitaalamu yaamuliwe na kitengo, maana yake Rula atie sahihi kwamba shimo la tope lisihesabiwe, mtambo uhamie nyuma ya kiwanda, au asitie, uondoke. Wilaya nyingine walishatuma lori la kuuvuta. Dereva wake alikuwa amelala kivulini, kofia usoni.

Rula alikuja mchana, kwa miguu, amevaa vile viatu. Aliruka madimbwi kama kuku, akafika ukingoni mwa shimo, akachungulia tope, akarudisha uso kwa mpwa wake. Wachimbaji wakaacha walichokuwa wanafanya. Wengine walijifanya wanafuta vyuma, ila vitambaa vilikuwa vimesimama. Mama Mtambo alikaa juu ya bomba, fomu ya kuhamisha mtambo mkononi.

Msomi akaamkia. Akaeleza kwa heshima kwamba tope hili ni la ziwa, kwamba changarawe ipo katikati, na kwamba anaomba mtambo uhamie pale Mjomba alipokuwa amepasema.

"Pale niliposema."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nyufa mbili ziliungana, zikawa..."

"Sikusikii."

Wachimbaji wakatazamana. Msomi akapandisha sauti. Akasema, vizuri, kwa sasa ni ufa. Zamani zilikuwa nyufa, zikakua, zikapitana, zikaungana, sasa ni ufa mmoja. Alijiona amekubali mengi. Kwa kipimo chake alikuwa amegawana kosa nusu kwa nusu na mtu ambaye hakustahili hata robo.

Rula akatoa kalamu mfukoni, moja kati ya nne. Akaikagua ncha.

"Sijakuuliza ya zamani na ya sasa. Dada yangu hakukuzaa uje unigawie habari vipande. Ufa huu ni mmoja au si mmoja? Tangu mwanzo."

"Mjomba, tangu mwanzo hapana. Picha zinaonyesha."

"Basi kachimbe kwenye picha."

Akarudisha kalamu mfukoni. Yule dereva wa lori akatoa kofia usoni, akakaa. Msomi alitazama upande wa barabara. Foleni ya madumu ilikuwa imepangwa pale bila watu, madumu yenyewe yanangoja, ya njano, ya bluu, mengine yamefungwa kamba yasiibwe, na boza halionekani. Alimtafuta mama yake, hakumwona, akajua yupo. Akarudisha macho kwa mjomba wake: ule mdomo uliokunjwa kama bahasha, ile subira ya mtu anayejua kwamba mwenye njaa ni mwingine. Hajawahi kumdharau mtu namna ile. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba dharau yote hiyo ilikuwa haina pa kwenda, maana yeye ndiye aliyesimama kwenye tope.

"Ni ufa," akasema.

"Ongeza sauti. Mama Mtambo yuko mbali."

"Ni ufa. Mmoja."

"Tangu?"

"Tangu mwanzo."

Hakuna aliyecheka. Hata yule mchimbaji aliyetania shahada aliangalia chini, akaanza kusafisha kucha. Mama Mtambo akashuka kwenye bomba, akampa mzee ile fomu bila kumtazama usoni, na mzee akaiweka juu ya goti lake, akatia sahihi ndefu yenye mkia, hakuwa na haraka. Alipomaliza akaipuliza ikauke. Dereva wa lori akaambiwa angoje. Mama Mtambo akapiga mluzi, watu wakaanza kufungua nyaya, na kelele za chuma zikarudi.

Katika kelele hizo Rula akamshika mpwa wake mkono wa juu, akamsogeza pembeni. Uso wake ulikuwa umelainika, karibu uwe mzuri. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya watu wa kazi moja wanaponong'ona kuhusu wasioijua.

"Zilikuwa mbili. Umeona vizuri."

Msomi akadhani amesikia vibaya.

"Nilijua kabla hujaenda chuo," mzee akaendelea. "Zile picha za mwangwi za mwanzo, za karatasi, zilionyesha. Na kwamba ziliungana baadaye, zilionyesha hivyo hivyo. Unadhani pale kiwandani nilipapata kwa rula?"

"Sasa kwa nini hukusema, Mjomba? Kwa nini ukaniacha nichimbe hapa?"

Mzee akainua mabega kidogo, akayashusha.

"Ramani ilikuwa imeshachapishwa."

Akatabasamu, akangoja. Alikuwa anangoja mpwa wake atabasamu naye, kwa kuwa sasa walikuwa wawili wenye siri moja, na mmoja alikuwa ameshaapa mbele za watu. Alinyoosha hata kitambaa chake cha mfukoni ili kijana afute tope mkononi. Msomi alikitazama kile kitambaa, cheupe, kimepigwa pasi pande nne. Akaangalia kalamu nne, viatu, na ule uso uliolainika. Hakukichukua. Alijifuta tope kwenye suruali yake mwenyewe, akageuka, akaondoka.